Fiwi za Chumba Namba Sita

Mbegu ishirini na tatu.
Nilizihesabu mara mbili juu ya gazeti,
mara ya tatu akahesabu binti yangu, Mbeyu,
ambaye jina lake ni hilo hilo, mbegu, kwa lugha ya kwetu.
Akapata ishirini na nne:
alihesabu na kokoto.

Zimetoka kwenye kopo la mafuta ya kupikia
ambalo mamangu alilifunika kwa jivu na kitambaa
mwezi mmoja kabla hatujamfunika yeye.
Wosia hakuacha. Aliacha fiwi,
nyeupe, zenye doa jekundu kiunoni,
na hakuna aliyebaki Rabai anayejua
kama zapenda kutambaa au husimama zenyewe.

Mwaka jana nilifukia nusu ya kopo shambani,
nikaliamini wingu.
Wingu likapita kwenda kunyeshea wengine.
Kanga wakafukua, kwale wakamaliza,
nami nikarudi mjini na kucha zilizojaa vumbi.
Safari hii sitaki kukopeshana na mbingu.
Zitaanzia ndani.

Ndani ni chumba kimoja, Chaani, nyuma ya maghala.
Dirisha latazama ukuta wa jirani,
na ukuta huo, tangu saa nne hadi saa saba,
hurudisha jua kidogo kidogo
kama mdeni mwenye haya.
Hapo ndipo nilipopanga pakiti za maziwa,
nimezikata vichwa, nimezitoboa chini kwa msumari wa moto,
udongo nimeuleta kutoka kwetu kwa mfuko wa unga.

Mama Zuwena, mwenye nyumba, akasimama mlangoni:
"Wewe Tsuma, umeleta kodi ama umeleta kaburi?"
Nikamwambia ni mboga. Akasema panya.
Nikamwambia zikizaa nitamletea bakuli, za nazi.
Akanyamaza, lakini hakuondoka upesi.

Nilizilowesha usiku mmoja kwenye kikombe,
maji ya kununua, ya mkokoteni,
na asubuhi niliporudi kutoka lindoni
zilikuwa zimevimba, ngozi imekunjamana
kama vidole vya dobi.

Siku ya nne, kimya.
Siku ya tano Mbeyu akafukua moja achungulie.
Nikamkemea. Alipolala
nikafukua nyingine.
Palikuwa na mkia mweupe, mfupi, umepinda.
Mimi mlinzi, nikairudisha taratibu
kama mwizi aliyejuta.

Ya saba, zikainuka,
si kichwa kwanza, la, mgongo kwanza,
kama mtu anayetoka mlango mfupi,
kisha zikavuta shingo,
na kichwani zimejitwika ile ile mbegu, vipande viwili,
kila moja na mzigo wake, bila kata, bila wa kumtua.
Kumi na saba. Sita ziligoma.

Sasa nazizoesha nje.
Jua la huku halina adabu kwa mgeni.
Siku ya kwanza dakika kumi, kwenye ngazi,
Mbeyu amezitandia leso juu.
Siku ya pili robo saa. Siku ya tatu leso ikatoka.
Upepo uzitikise kidogo, zijue kuna upepo.
Nami, wanasema, nilitolewa hivyo:
mama akanipakata mlangoni, chini ya upenu,
wakarusha maji juu ya makuti yanidondokee
nisije nikaogopa mvua.
Nililia, wanasema.
Yeye alicheka.

Jana, lindoni, usiku wa saa tisa,
bati la ghala likaanza kugongwa,
tone, tone, halafu yote kwa pamoja.
Nikapiga simu ya mamake. Akapokea Mbeyu.
Nilitaka kumwambia ziache ndani, bado changa,
masika huja na hasira siku za mwanzo,
ila mvua ilikuwa huku na huko, hatusikilizani.

"Baba," akapaza sauti, "nimeshazitoa.
Zote.
Na ile kokoto."